Mnyaa wa Kaburi la Mama

Jino langu la kwanza kung'olewa na daktari liling'olewa Korogwe, nikiwa darasa la pili, na shule yenyewe niliishia hapohapo. Tulikwenda juu ya lori la magunia. Kaka yangu ndiye aliyenishika kichwa. Nilimng'ata kidole mpaka damu, hakusema kitu. Ndivyo alivyo. Hata mama alipofariki, mimi niko mbali nakata mkonge, alimzika na majirani, akapanda mnyaa upande wa kichwa, basi. Bondeni kwetu nani alikuwa na saruji? Kaburi ulilijua kwa mnyaa wake.

Baadaye kaka akahamia Kang'ata ukweni, shamba akaniachia mimi.

Sasa bonde likatakiwa liwe bwawa. Akaja mpima na chombo chake cha miguu mitatu, achore kila kitu kabla ya maji: nyumba, visima, makaburi. Kaburi likiingia kwenye ramani litahamishwa. Lisipoingia, maji juu yake. Siku ya zamu yetu kaka alifika asubuhi, amevaa kanzu.

"Shikamoo, mzee," mpima akamwamkia. "La mama liko wapi?"

"Marahaba. Tazama mnyaa." Kaka akaelekeza kwa kidole kilichokunjwa, maana kaburi halinyooshewi kidole.

"Mnyaa upi, mzee? Mimi naona mahindi tu."

Kaka akaingia shambani. Akaenda, akarudi, akasimama, akageuka. Mimi jasho linanitoka na jua bado halijawa kali.

"Weka kigingi popote hapo kati," nikamwambia mpima.

"Siweki popote, mzee. Jana nimeonyeshwa makaburi kumi, moja la mbwa. Nikikosea watafukua udongo mtupu."

Akaanza kukunja miguu ya chombo. Nikaona mama ndiyo anazama hivyo.

"Kaka, niliung'oa mimi."

Hakugeuka. "Lini?"

"Ule mwaka wa njaa. Kivuli chake kilikuwa kinaua mahindi."

"Ulipata mistari mingapi?"

"Miwili."

"Na shimo la mnyaa ulilifukia?"

"Nililima juu yake. Kila mwaka nalima."

Mpima alikuwa anatazama viatu vyake. Kaka akavua kofia, akakung'uta vumbi, akaivaa tena. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Akapita katikati ya mahindi taratibu, anachagua pa kukanyaga, akashika njia ya Kang'ata. Hakurudi tena.