Boti ya Mgongo Wazi

Katika ufuo wote kuanzia Kisumu hadi Asembo Bay, simjui mtu mwingine aliyerudi kutoka ng'ambo na boti ya mashindano. Wenzangu walirudi na magari, wengine na friji. Mimi nilirudi na boti nyembamba ya watu wanne, iliyokatwa vipande viwili ili iingie kwenye kontena, nami nikaiunganisha kwa mikono yangu nyuma ya nyumba zangu za kupangisha kule Migosi. Diploma yangu ni ya uundaji wa boti. Niliisomea jioni, na mchana nilikuwa nikifagia karakana ya klabu moja ya wapiga makasia katika mji wa baridi, mpaka ikafika siku nikaacha kufagia na kuanza kuwaelekeza waliofagia. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya kwa sababu wako watu hapa wanaodhani maisha ya ng'ambo huokotwa njiani.

Huko niliona kwamba mzee naye hushindana. Watu wenye mvi hupangwa kwa umri, wakakimbizana majini na wenzao, na jamaa zao wakasimama ukingoni kuwapigia makofi. Medali zangu ziko ukutani sebuleni, na mgeni yeyote anaweza kuzitazama. Kwa hiyo niliporudi nilisema nitaunda kikosi cha wazee, na nikakiunda.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu mrefu anayezungumza kama bado yuko mbele ya paredi ya asubuhi. Wa pili aliuza makaa Obunga, kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki kiwandani baada ya minofu kuondoka. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliyekuwa amevua samaki Asembo Bay tangu ujana wake na sasa alikaa Kisumu.

Siku ya kwanza tulipoteremsha boti ziwani, akina mama wa samaki walikuja kutazama. Boti zote za hapa, mpiga kafi hutazama aendako. Katika boti yangu unaketi kwenye kiti kinachoteleza juu ya reli, unaupa mgongo mwendo wako, na unachokiona ni mgongo wa mwenzako tu. Tulikuwa tumevua mashati.

"Nyinyi wazee, mnaenda ama mnarudi?" mama mmoja aliuliza.

"Tunaenda, mama," nikamjibu.

"Mnaenda na matako mbele?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha yule yule akatuhesabu mbavu kwa kidole akasema, "Mimi nikidhani mgongo wazi inauzwa Obunga. Kumbe imeingia kwa boti!"

Jina likashika. Mimi nilikuwa nimeandika jina lingine ubavuni kwa rangi ya dhahabu, lakini hakuna aliyelisoma.

Shemeji hakucheka sana siku ile. Alikuwa na presha ya macho, ule ugonjwa unaokula uwezo wa kuona kutoka pembeni kuelekea katikati. Daktari alikuwa amempa dawa ya matone na kumweleza kwamba kilichopotea hakitarudi. Wavuvi wenzake walikuwa wamemwomba abaki nchi kavu baada ya yeye kukanyaga wavu wao mara kadhaa. Walimwomba kwa heshima, na nadhani heshima ile ndiyo iliyomuumiza zaidi.

Dada yangu anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuja Migosi akiwa na ndoo yake, akakataa kuketi.

"Ndugu yangu, sikuombi kitu kingine," alisema. "Tangu wamtoe kwa boti alikuwa anakaa akiangalia ukuta. Na huo ukuta haoni. Siku hizi anaamka kabla yangu, anauliza viatu viko wapi. Usimtoe. Akitoka kwako, hana kwingine kwa kuingia."

Nililifikiria jambo hilo kama fundi, na nikapata jibu ambalo wengi wenye diploma kubwa kuliko yangu wasingelipata. Mimi niliketi ncha ya mbele, nyuma ya migongo yao wote, kamba ya usukani ikiwa imefungwa kwenye kiatu changu, nikigeuza shingo kutazama njia. Mwalimu na muuza makaa walikaa katikati. Kile kiti cha ncha ya pili, kinachotoa mwendo kwa wote, hakina mtu wa kumfuata. Anayekikalia hahitaji kuona chochote. Wengine ndio wanaohitaji kumwona yeye. Nikamweka shemeji hapo. Alivuta taratibu, sawasawa, kama mtu anayepandisha wavu mzito, na boti ikaanza kwenda.

Lakini macho yake yaliendelea kuzima. Ilifika asubuhi ambapo dada yangu alimleta akiwa amemshika mkono, na mwalimu akaniita kando.

"Bwana, mimi namheshimu huyu mzee," aliniambia. "Lakini hatuwezi kuongozwa na mtu asiyeona. Siku ya mashindano kutakuwa na kelele, kutakuwa na boti zingine. Nipe mimi kile kiti. Yeye apumzike."

Tulibishana. Muuza makaa alikaa akikwangua tope kwenye viatu, hakutaka kuchagua upande. Mwishowe tukakubaliana, na shemeji aliambiwa mbele yetu sote, kwa sababu sikutaka asikie kwa nyuma. Angeongoza katika mashindano ya wazee ya Kisumu. Akituharibia, mwalimu angechukua kiti. Shemeji aliuliza kama kasia lake lilikuwa limepakwa mafuta pale linapozungukia.

Kikosi huenda kwa amri, na amri nilizitunga mimi. Za Kiingereza nilizikataa, kwani muuza makaa alizitamka mpaka mwalimu akakasirika. Nikachagua mbili zilizo fupi. Nikisema "vuta", tunavuta. Nikisema "wacha", kila mtu anainua kasia kutoka majini na kuiachia boti iteleze yenyewe. Tulifanya mazoezi ya neno hilo mpaka mikono yao ikawa inatii kabla ya kichwa kufikiri. Huo ndio ufundi, na nilijivunia.

Siku ya mashindano boti zilikuwa tatu. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu, jua likatukalia mabegani. Wale waliohofiwa walikuwa wastaafu wa mjini, wenye kofia za rangi moja na boti mpya. Bendera iliposhuka walitangulia, nasi tukafuata. Magugu ya maji yalikuwa yamesogea usiku, yakatuziba njia upande wa kati, nikageuza shingo na kuivuta kamba kwa mguu tukapita karibu na ufuo. Wenye kofia wakayagusa kidogo. Tuliwafikia. Nikaona mgongo wa mwalimu mbele ya wa muuza makaa, na mbele zaidi, mgongo wa shemeji ukienda na kurudi bila haraka. Tukawapita.

Hapo ndipo akina mama wa samaki walipotuona. Wakasimama wote kwenye mawe, na kwa furaha mmoja wao akapaza sauti ambayo ingevuka ghuba:

"Wachaaa! Wacha weee! Mgongo wazi!"

Mwalimu na muuza makaa wakainua makasia yao.

Sote tunaijua "wacha" ya kustaajabu. Watoto wetu huisema mara mia kwa siku. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba ufuo wote ungetupigia amri yangu. Nilipiga kelele, "Vuta! Vuteni!" lakini makofi yalinimeza. Boti haikuzunguka, kwa kuwa shemeji hakusimama. Yeye alivuta upande wake, mimi nikavuta upande wangu, na wawili wale wa katikati wakakaa wamenyoosha mikono kama watu wanaopimwa kwa fundi cherehani. Walipozinduka, kofia za wastaafu zilikuwa zimekwisha kutupita. Tukamaliza wa pili.

Tulielea pale, kila mtu akihema. Mwalimu ndiye aliyeanza.

"Ulisema wacha."

"Sikusema."

"Nilisikia kwa masikio yangu!"

"Hata mimi, omera, ndugu yangu," akasema muuza makaa. "Ilikuwa kubwa."

Shemeji hakugeuka. "Ilikuwa ya mama," alisema. "Tangu lini shemeji yangu akawa na sauti ya mama? Halafu ilitoka huku kwa mkono wangu, na yeye yuko huko nyuma. Na akitaka kusema wacha, lazima akohoe kwanza."

Muuza makaa alicheka hadi boti ikayumba. Mimi sikohoi, na niliwaambia hivyo.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya kasia lake. "Mgongo wako ulikuwa unaendelea," alimwambia shemeji. "Niliuona ukiendelea. Nikadhani ni wewe hukusikia."

"Nilisikia, Mwalimu."

"Sasa najua."

Ufuoni, dada yangu alikuwa amesimama mbali na wenzake, ndoo mkononi, bila kushangilia. Hakutazama kombe wala waliolipokea. Alitutazama sisi tukishuka, mmoja mmoja. Mwalimu alishuka kwanza, maji yakamfika magotini, akamshika shemeji kiwiko na kumwambia mahali pa kuweka mguu. Kisha akamkabidhi kwa mkewe, akasema, "Mama, usisumbuke kumleta tena. Asubuhi nitampitia mimi."

Lile neno "wacha" nililibadilisha, ingawa bado nasema halikuwa na kosa. Muuza makaa ndiye aliyependekeza "amina". Baada ya amina kila mtu hupumzika, alisema, na hakuna mama wa samaki atakayelitamka kwa kelele katikati ya mashindano. Mwalimu, kama mzee wa kanisa, alilipinga kwa majuma mengi, kisha akalizoea.

Sasa macho ya shemeji yamezima kabisa. Bado anakalia kiti kile. Asubuhi tunapotoka mbali, maji yakiwa yamelala, nasema amina, na makasia manne yanainuka pamoja. Boti inateleza, na chini yake maji yanasikika yakipita. Shemeji huuliza, "Tumeacha nini?" Hiyo ndiyo njia ya kuuliza katika boti yetu, kwa kuwa mbele hakuna anayeona ila mimi nikigeuza shingo. Mwalimu, aliye karibu naye, humwambia kinachoonekana: ufuo, moshi wa Obunga, mkewe aliyesimama na ndoo, akiwa mdogo, akiwa mdogo zaidi.

"Bado yuko?"

"Bado yuko."

Kisha nakohoa, na kabla sijasema vuta, kasia lake tayari liko majini.