Saa ya Sajini Ramathan

Umma unajulishwa kwamba kitu kilichokuwa kikitoa mionzi isiyoruhusiwa katika maabara ya Awindiri, mjini Arua, kimeondolewa, na kwamba hakuna tena hatari yoyote kwa mtu yeyote. Tangazo liko mlangoni, lina mhuri, na wagonjwa hulisoma wakisubiri kutolewa damu.

Zam naye hulisoma kila asubuhi. Yeye ndiye fundi wa mashine ya kuhesabu miale ya gama. Damu ya mwenye uvimbe wa shingo huchanganywa na dawa yenye mionzi kidogo, mashine ikahesabu, ugonjwa ukajulikana. Lakini kwanza hupimwa kichupa kitupu, na hesabu yake hutakiwa iwe ndogo, maana kitupu ni kitupu. Kwa miezi kadhaa kichupa kitupu cha Zam kilikuwa na mengi ya kusema. Zamu za mwenzake Alionzi, kilinyamaza.

"Hii mashine inakupenda wewe, Zam," alisema mkuu wao, Madamu Eyotaru, bila kucheka. Kisha akamweleza kwa upole kwamba anayemwaga dawa ya mionzi na kuficha hana kazi hapa. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha mwanawe, Yugu, anayelelewa na babu yake mzaa mama huko Koboko. Zam akasugua meza mpaka vidole vikachubuka. Hesabu haikushuka.

Akaitwa mkaguzi na kipimo chake cha mkononi. Kipimo kikapita mezani kimya, kikapita kwenye sinki kimya, kilipofika juu ya mashine kikaanza kulia. Hapo ndipo Zam huweka saa yake kabla ya kuvaa glavu.

Ni saa ya jeshi. Babu yake Zam aliivaa vitani, akamrithisha baba yake, Sajini Ramathan, naye akampa Zam siku alipoajiriwa. Namba zake zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Mwanga ulikufa zamani. Mionzi, mkaguzi alieleza, haina haraka ya kufa. Kioo nacho kilishapasuka, na rangi hiyo ya njano inabanduka kama unga. Ifungwe kwenye kopo, akasema, watu wake watakuja kuizika.

Sajini aliposikia habari ya kuzika, akapanda gari mpaka Arua.

"Babu yako tulizika," alimwambia binti yake. "Sasa mnataka kuzika na saa? Hii ilikaa kwa mkono yangu miaka mingi, haijaniuma."

Akaondoka na kopo. Zam alimwapisha asilifungue, mzee akaapa. Jioni ile ile tangazo likabandikwa.

Juzi Zam alipiga simu kuuliza kama kopo bado limefungwa. Baba akamtuliza. Yugu alikuwa msumbufu wa kulala, lakini mlio wa saa umemtengeneza. Sasa hulala ameikumbatia, na asubuhi bibi yake humfuta tu unga wa njano mdomoni.