Ngazi ya Mwarobaini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kibandani kwake kutengeneza cherehani za watu, Ami Yazid alikuwa akisimama chini ya ngazi, akikohoa mara mbili, akitazama ukutani, ndipo aseme, "Sabalkheri, Bi Mwanakuu."

Na kila asubuhi jawabu lilikuwa likimshukia paka.

"Paka, mwambie aliye chini sabalkheri. Mwambie chai yake isipoe."

Paka mwenyewe alikuwa wa rangi ya majivu, sikio moja limekatika, na mara nyingi hata hakuwapo. Hilo halikumzuia Nyanya, ndiye huyo Bi Mwanakuu. Mtaani kwetu Kuze walisema ile ni heshima, mkwe na mkwe hawakabiliani kwa maneno. Heshima ilikuwako, lakini na kisa kilikuwako. Nyanya alishona mabuibui miaka arubaini. Siku moja cherehani yake ikawa inaruka nyuzi, akaitiwa fundi, na fundi huyo alikuwa Yazid. Cherehani ikapona siku ile ile. Fundi akarudi kesho yake kuitazama kama imepona kweli, na kesho kutwa, na wiki ya tatu akarudi na wazee kumposa Areej, binti wa Nyanya. Na kwa kuwa kwetu mume huja nyumba ya mke, akahamia chini. Tangu hapo Nyanya akawa na neno lake la kuwaambia wageni: "Alikuja kutengeneza cherehani. Hajamaliza mpaka leo."

Areej ni khalati yangu, ndugu wa mama yangu. Nililetwa kwake nilipoacha shule darasa la sita, kwa hivyo haya nimeyaona mwenyewe, ila hayo ya posa tu ndiyo ya kuambiwa.

Nyanya alikaa juu, sisi chini, na katikati ni ngazi ya mbao yenye vidaraja kumi na vitatu, imesimama kama ukuta. Mwaka juzi vinne vya katikati vililiwa na mchwa. Ami Yazid akanunua mbao dukani, nyeupe, nyepesi, akavibadilisha kwa siku moja, na sote tukasifu. Mchwa nao walisifu. Baada ya mwaka, Nyanya alipokuwa akishuka kwenda zake, kimoja kilivunjika na mguu wake ukaingia mpaka gotini. Hakuumia. Kiatu kilianguka chini, yeye akarudi juu na kimoja, na kutoka siku hiyo hakushuka tena.

Yeye ni mtu wa kutoka. Jumapili jioni ilikuwa lazima ampitie nduguye, Bi Mwanarusi, waende ufukweni Mama Ngina kula mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, watazame watu na kuwasema. Sasa akawa wa dirishani. Vitu vyake vilipanda kwa kikapu cha kamba. Sisi wepesi tulipanda kwa kuruka vile vilivyoliwa, tumeshika kamba, na chakula mkono wa pili.

Mwanawe, Mjomba Abdulkadir, aliye Maskati, alipiga simu akasema atakuja Idi Kubwa, na akikuta ngazi bado ni ile, atatafuta vijana wanne wamshushe mama kwa kiti, ampeleke nyumba ya kupanga isiyo na ngazi. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, na sote tukasikia kwa sababu simu huzungumza nayo kwa kelele, "Ngazi hii mtu hubebwa kushuka mara moja tu, na mimi siku yangu bado."

Ami Yazid alikuwa chini anakunywa chai. Alikiweka kikombe pole pole. Vidaraja vile vilikuwa vyake yeye, na kila mtu alijua.

Mbao za duka hakuzitaka tena. Alitaka mwarobaini, ambao mchwa wakiuonja huacha. Rafiki yake Joab, aliyekuwa fundi wa kuchomea vyuma karakana ya reli, akamwambia kwamba nyuma ya nyumba anayokaa kule Buxton upepo umeangusha mwarobaini mkubwa na wenyewe wanataka uondolewe. Wakaukata magogo mafupi, kwa kuwa kidaraja si kirefu, wakayaleta kwa mkokoteni. Shida ikawa kuyapasua. Wenye mashine za kupasua mbao waliyatazama mara moja tu wakakataa. Mti wa mjini, walisema, umepigiliwa misumari na kila aliyetaka kuanika nguo, nao hawatavunja meno ya msumeno kwa ajili ya ngazi ya mtu.

"Basi tutaunda wetu," akasema Ami Yazid.

Joab akamuuliza kama amewahi kuunda msumeno. Akajibu kwamba hajawahi, lakini amefungua cherehani elfu mbili, na msumeno wa mkanda ni magurudumu mawili na kitu kinachozunguka juu yake. Joab akasema kitu hicho kina meno.

Wakaanza uani. Fremu ilitoka kwenye vitanda viwili vya chuma. Magurudumu yalikuwa tairi mbili za akiba za gari dogo, moja huku na moja huku, na juu yake wakavisha mkanda wa chuma wenye meno upande mmoja. Gogo hulala halitikisiki, mashine ndiyo inayosukumwa juu ya reli mbili kulipitia. Mota ilikuwa ya pampu ya maji. Ami Yazid alikuwa akiiwasha baina ya adhuhuri na saa nane tu, kabla watoto wa chuo cha Kurani cha jirani hawajaingia kusoma.

Siku ya kwanza mkanda uliruka ukaenda kujichoma kwenye gunia la makaa. Khalati Areej alitoka jikoni, akalitazama gunia, akamtazama mumewe, akarudi jikoni akafunga mlango kwa komeo. Siku ya pili gurudumu moja likainamishwa kidogo, na mkanda ukatulia. Ubao ukatoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili kama kipande cha halua, kwa sababu bolti mbili za kushushia msumeno zilizungushwa kila moja peke yake. Ami Yazid akazifunga pamoja kwa mnyororo wa baiskeli. Ukizungusha hii, na ile inakwenda. Jambo hilo lilimfurahisha, hata alizungusha mara nyingi bila ya haja.

Msumari wa kwanza waliukuta kwa masikio. Mkanda mzima uliharibika. Baada ya hapo akawa hapasui kitu mpaka aitoe sumaku yake ya kuokotea sindano, ailaze juu ya gogo aitembeze pole pole kama mtu anayempapasa mgonjwa tumbo, na ilipovutwa, au palipo na doa jeusi la kutu, alichimba kwa patasi. Gogo moja lilitoa misumari kumi na mmoja na ndoana ya samaki.

Na vumbi la mwarobaini ni chungu. Liliingia kwenye midomo, kwenye mito, kwenye sufuria zilizofunikwa. Jioni moja sauti ikashuka kutoka juu:

"Paka, waulize kwani nimeumwa na malaria hata nitiliwe dawa kwenye chai? Waambie mimi mzima."

Lakini kilichomkondesha Ami Yazid ni mawimbi. Kila ubao ulitoka na mawimbi, juu chini, juu chini. Kidaraja cha hivyo hakipigiliwi ngazini, mtu mzima atateleza. Alikaza mkanda kwa jeki ya gari mpaka ukipigwa ukucha ulilia. Mawimbi. Akakumbuka vile visahani viwili vya cherehani vinavyobana uzi usicheze, akafunga beringi huku na huku karibu na gogo, zishike mkanda. Mawimbi yakapungua, hayakuisha. Akatilia maji ya sabuni yadondoke kidogo kidogo kutoka kwenye chupa, utomvu usigande kwenye meno. Bado. Wakati huo magogo yamebaki matatu, na mbao zinataka miezi ya kukauka kabla ya Idi. Nilimwona akihesabu kwa vidole, halafu anahesabu tena kuanzia mkono wa pili.

Nyanya alikuwa dirishani siku zote hizo. Dirisha lake linatazama uani. Alikuwa haangalii, alikuwa akisikiliza, kichwa upande, kama alivyokuwa akisikiliza cherehani za wanafunzi wake. Siku moja kikapu kikashuka kitupu. Hakuna aliyejua anataka nini. Mimi nikakata kipande cha ubao ule wa mawimbi nikakitia. Kikapanda. Kikakaa huko kitambo cha kunywa chai, kikarudi na kipande kile kile, na sauti juu yake.

"Paka. Mwambie anashona jinzi kama anashona leso. Mguu wake mzito muno. Kitambaa kinene hakisukumwi, hungojewa."

Joab alikuwa ameshika spana hewani.

"Bwana Yazid," akasema, "paka huyu alisomea wapi?"

Ami Yazid hakucheka. Aliizima mota, akalitazama gogo, akaitazama mikono yake. Kisha akawasha tena, akamwondoa Joab kwenye mpini, na badala ya kusukuma kwa kifua kama siku zote, akaiwekea mashine vidole viwili tu. Msumeno ukawa unakwenda kwa nafasi yake. Aliposikia mlio unakuwa mzito alingoja, ukiwa mwepesi alifuata. Ubao mmoja ulichukua muda ambao zamani wangepasua mbao nne. Ulipoanguka aliuinua mpaka usawa wa jicho, akautazama kwa urefu, akampa Joab, Joab akautazama, akamrudishia.

Kipande cha ubao huo nilikitia kikapuni bila ya kuambiwa. Hicho hakikurudi. Nilipopanda na chakula jioni nilikikuta chini ya mguu wa cherehani ya Nyanya, ule mguu uliokuwa ukitikisika.

Basi wakapasua yote yaliyobaki. Mbao zikapangwa kivulini uani, vijiti katikati zipate hewa, mawe juu zisipinde, na tukaambiwa tusizisogelee. Miezi mitatu na kitu Ami Yazid alizigeuza kila Ijumaa. Mbao mbili zilipinda hata hivyo, akaziacha zikawa meza ya kukatia mboga. Mjomba Abdulkadir alipiga simu akauliza habari za ngazi, na Nyanya akamwambia bado inapigwa pasi.

Wiki mbili kabla ya Idi vidaraja vyote kumi na vitatu viliondolewa na vipya vikaingia, vyekundu kidogo, vinene inchi mbili, vyenye harufu yao. Ami Yazid alikanyaga kila kimoja na gunia la saruji begani. Kisha Joab akakanyaga na Joab ni mnene. Kisha kazi ikaisha, na hakuna aliyejua la kufanya.

Jumapili baada ya alasiri tukasikia viatu juu. Khalati Areej akatoka jikoni mikono na unga. Ami Yazid alikuwa uani anapaka mashine mafuta. Alipoona vile aligeuka akaelekea ukutani, asimtazame mkwewe akishuka. Joab naye akageuka, kwa kuwa mwenzake amegeuka.

Nyanya alivaa buibui lake la kutokea. Alishika ukuta kwa mkono mmoja na kwa wa pili alishika mkoba. Kila kidaraja alikigonga kwanza kwa ncha ya kiatu, akasikiliza, ndipo akakikanyaga. Kwenye vile vinne vya katikati aligonga mara mbili. Paka alishuka mbele yake, akamngoja chini. Mimi nilisimama karibu na mlango, na kutoka hapo niliona mkoba umevimba hata haufungiki. Ndani nikaona kibati cha sindano, dawa zake za presha, na miwani zote mbili, ya kutembelea na ya kushonea. Mtu anayekwenda kula mihogo hachukui miwani ya kushonea.

Alipofika chini alimpita paka.

"Yazid."

Ami Yazid akageuka. Nilikuwa sijawahi kusikia jina lake kwa sauti ile, na nadhani hata yeye.

"Labeka, mama."

Nyanya alimtazama, akaitazama ngazi nyuma yake mpaka juu, akaitazama na ile mashine uani na vitanda vyake viwili.

"Sasa umemaliza," akasema.

Akatengeneza mtandio, akamwambia Khalati Areej asimwekee chakula, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Nilimfuata kwa macho. Alikwenda upande wa kwa Bi Mwanarusi, hakushika ukuta, na kwenye duka la kona alisimama akamtukana mwenye duka kwa kupandisha bei kama kwamba yeye alikufa, wakacheka wote wawili, akapinda.

Usiku ule akatuma neno kwamba atalala kwa nduguye, mihogo imemchosha. Keshoye akataka nguo. Nyumba ya Bi Mwanarusi ni ya chini, ina baraza inayotazama njia mbili, na kila anayepita ni lazima aseme kitu. Siku ya nne akataka cherehani, na Ami Yazid aliifungua akaipeleka mwenyewe kwa mkokoteni, akaifunga huko, na kile kipande cha mwarobaini akakiweka chini ya mguu wake. Alirudi akacheka mpaka akakaa kwenye kidaraja cha kwanza akijifuta macho.

"Nimepima kushuka tu," akatuambia. "Kama atapanda, hilo sikumuuliza."

Siku ya sita akaja mtoto na kikapu kumchukua paka. Nyanya hakurudi.