Michembe Niliyowapa Mbuzi

Domo langu liliniponza wiki iliyopita. Kazi yangu ni kurusha mubashara kwa simu mikutano ya mgombea wetu wa ubunge. Kule Lusu akina mama walitukirimu michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga. Mbele ya simu niliisifia hadi nikajilamba vidole. Tulipoingia garini nikamcheka dereva, maana yeye alimaliza sahani.

"Yangu nimewamwagia mbuzi!"

Kumbe simu ilikuwa bado hewani.

Mkutano uliofuata, kule Bukene, tulipokewa kwa vigelegele. Bibi mmoja akampita mgombea, akanijia mimi na beseni limejaa michembe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbuzi wetu tumewafungia. Washa simu, ule. Watu wa Lusu wanakutazama."