Nimepikia Chinsaga Kwenye Mvua

Leo nimepikia mboga ya chinsaga nje na mvua inanyesha.
Jirani akapita, akacheka: "Mama, jiko limebomoka?"
Jiko ni zima kabisa.

Sababu ni Moraa, mke wa mwanangu. Chinsaga ilipoanza kuchemka na kutoa harufu, alishika mdomo, akatoka mbio. Sikuuliza. Mimba ya mwaka jana ilitoka ikiwa changa, na tangu hapo naogopa hata kumtazama tumbo. Nikabeba sufuria nikatoka nayo.

Mama mkwe alinifanyia hivyo miaka ya sabini, nimeolewa juzi tu hapa Birongo. Zamani siku za kwanza za mimba hazikutajwa, jamani. Alipikia kwenye migomba, akarudi kitambaa cha kichwa kimelowa, akasema jikoni kuna moshi mwingi. Moshi haukuwako! Nammisi sana yule mama.

Moraa akanifuata na mwavuli.
"Mama, umejua?"
"Mimi nijue nini? Ingia ndani, utalowa."
Hakuingia. Akauliza polepole, "Hii itakaa?"

Nikamvuta karibu nami.
"Kesho tunaenda kliniki, mimi na wewe."
Tukasimama chini ya mwavuli mmoja mpaka mboga ikaiva.

Akina mama, nyinyi harufu gani iliwashinda siku za mwanzo?