Siku Niliyocheza Gofu Kilindoni

Alhamisi ile bwana mkubwa wa Kiingereza aliponiambia, "Jumamosi, mimi na wewe, gofu," nilifurahi kama mjinga. Gofu ninalolijua mimi ni nyumba iliyobomoka, na magofu yetu yako Kua, kule kisiwa cha Juani. Nikasema, loo, mzungu anataka kutembezwa Kua! Nikatuma mtu Utende aniwekee mtumbwi, mke wangu akakaanga samaki wa njiani. Kumbe mwenzangu anataka kupiga mpira kwa fimbo ndani ya shamba letu la minazi.

Shamba hilo alituachia baba. Liko juu, linatazama bahari, si mbali na bandari ya Kilindoni. Waingereza walipowatoa Wajerumani kisiwani walilichukua bila hata kupiga hodi. Bwana mkubwa akafyekesha nyasi, akazika mikebe tisa ardhini, na kando ya kila mkebe akachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Mchezo wenyewe ni kuutia mpira humo mikebeni, mmoja baada ya mwingine. Daktari aliyezoea kucheza naye alikuwa kitandani na homa, ndipo akanikumbuka mimi mwenye shamba. Sisemi uongo, palikuwa pazuri. Kiangazi bahari ya upande ule hutulia, ukauona mchanga chini, na ng'ambo mrima wote, pwani ya bara, umelala mbele yako. Nimepachukia mpaka leo.

Maana Ijumaa, tulipotoka kuswali, askari walikuwa wamesimama nje ya msikiti. Vita vilikuwa vimehamia bara na mizigo ilitaka watu wa kuibeba. Wakamkamata mdogo wangu. Alikuwa mtu mzima, ana mke, lakini ana pumu. Akibeba ndoo mbili za maji tu kifua kinalia mpaka unamwonea huruma. Mama akanishika mkono.

"Kesho si unatembea na huyo bwana? Muombe. Neno lake moja tu, mwanangu atatoka."

"Nitamuomba, mama."

"Usirudi bila yeye."

Basi Jumamosi saa mbili asubuhi nikafika na kanzu yangu safi na kikapu cha samaki. Bwana mkubwa akacheka, akanipa fimbo, akanionyesha mpira mdogo mweupe. Ndipo nilipojua kuwa Kua hatwendi. Kwenye mkebe wa kwanza nikamuuliza, kama mtu anayepitisha maneno tu, "Bwana, meli ya wapagazi inaondoka lini?"

"Leo. Saa kumi."

Moyo ukatulia. Saa kumi ni alasiri, nina mchana kutwa! Nikajipangia: nimwache acheze, afurahi, anishinde, kisha tukae kivulini anywe dafu, hapo ndipo nimweleze. Sisi hatukulelewa kumrukia mtu na shida zetu naye yumo katika starehe yake. Adabu hiyo nilifunzwa na baba kwa bakora, na siku ile niliishika yote, Mungu anisamehe.

Nikacheza. Pigo la kwanza nilipiga hewa, la pili nikapiga mzizi wa mnazi mpaka mikono ikafa ganzi. Akacheka, "Polepole! Tazama mpira!" Nami nikacheka, he he he, kama nimelipwa. Jua likaanza kuuma, kanzu ikanigandia mgongoni. Tulipofika mkebe wa tano, bondeni, ambako bahari haionekani, honi ya meli ikalia.

"Nini hiyo, bwana?"

"Meli," akasema, macho kwenye mpira wake. Nikasema moyoni, inaita mashua zipakie maji na kuni. Yeye akaninyoshea kidole. "Kivuli." Kivuli changu kilikuwa kimeangukia mpira. Nikasogea.

Mkebe wa tisa uko ukingoni kabisa, juu ya bahari. Nilipopanda pale nikaiona meli. Ilikwisha kutoka, imeelekea mrima, na bandarini hakuna kitu isipokuwa ngalawa mbili. Fimbo ikanitoka mkononi.

"Bwana! Si ulisema saa kumi?"

"Ndiyo. Kumi." Akatoa saa mfukoni, akaitazama. "Imepita. Sasa kumi na moja."

Kumi na moja gani, na jua halijafika hata utosini? Lahaula! Hapo ndipo nilipofahamu. Huyu alikuwa akihesabu saa za kwao, na kumi yake ni saa nne yetu ya asubuhi. Nilikuwa nikicheka naye, na ndugu yangu anapandishwa melini.

Nikamwambia yote kwa pupa, ndugu, pumu, mama. Akasikiliza mpaka mwisho, uso umemwiva.

"Lakini kwa nini wewe hapana sema asubuhi? Mtu mgonjwa mimi hapana taka. Barua moja tu, yeye anatoka."

"Na sasa, bwana?"

"Sasa meli imekwenda. Pole sana." Akainama akautoa mpira wake mkebeni. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya!

Mama alikuwa amekaa kizingitini. Alitazama nyuma yangu, hakuona mtu.

"Ulimuomba?"

"Nilimuomba, mama. Alikataa."

Vita vilipokwisha, mpagazi mmoja aliyerudi alitwambia kuwa mdogo wangu hakumaliza hata mwezi. Kifua kilimbana njiani, wakamfukia huko huko bila sanda. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila alfajiri, akimaliza kuswali, alimlaani yule Mwingereza aliyemkatalia mwanawe. Kisha alininyanyulia mikono mimi, akaniombea heri kwa kuwa nilikwenda kumpigania ndugu yangu. Nami nilikuwa nimekaa papo hapo pembeni yake, nikiitikia amina.