Tufe la Komanda wa Ng'ambo

Siku yangu ya kwanza kazini, Direkta wa hoteli alinipeleka moja kwa moja kwenye ukumbi wa bolingi, chini kando ya ziwa, Bukavu ikionekana ng'ambo. Njia mbili za mbao zilikuwa na majivu. Watu waliokimbia katika mwaka mbaya wa 1994 walipikia humo.

"Papa yako alifanya hii kazi Bukavu kwa bazungu," alisema. "Na weye unaijua?"

Nilijibu naijua. Nilikuwa nimerudi Rwanda kutoka Bukavu na cheti cha ushonaji tu, lakini nilikulia katika karakana ya Papa.

Ninyi vijana mnadhani bolingi ni kuviringisha tufe na kuangusha pini kumi. Kazi huanza na mafuta. Tulipaka mbao mafuta ya wastani: mbele panateleza, mwisho pakavu. Tufe linalong'aa sana huteleza mpaka mwisho bila kukata kona. Lililokwaruzwa sana hung'ata mbao mapema, likafika kwenye pini limechoka. Kwa hiyo tulisugua ngozi ya tufe kidogo tu, kwa msasa laini. Kabla ya hapo tulitoboa matundu matatu, la gumba na ya vidole viwili vya kati, kwa vipimo vya mkono wa mwenyewe.

Direkta huyo alihamishwa, akaja wa pili, mtu wa sauti ya chini. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimeanza, na mpaka ulifungwa na kufunguliwa jinsi askari walivyotaka. Papa alikuwa bado Bukavu. Kwa miezi miwili sikuwa nimepata habari yake.

Alasiri moja komanda aliyeshika kizuizi cha ng'ambo, upande wa Kongo, aliingia na askari wawili. Aliweka mezani tufe jipya, linalong'aa kama kioo, halina tundu hata moja.

"Nataka matundu ya kukaza, sawa ile ya rafiki yangu."

Nilipima mkono wake kwenye karatasi. Gumba lilikuwa na kovu la risasi, halikunjiki.

"Afande, tukikaza, gumba itabaki ndani. Tufe itaivunja."

"Unanikatalia?"

"Maman, fanya vile anasema," Direkta alininong'oneza.

"Ninakatala tundu, Afande. Weye sikukatalii."

Askari mmoja aliacha kutafuna. Komanda aliichukua karatasi ya vipimo, akaiangalia.

"Nani alikufundisha?"

"Papa yangu."

"Iko wapi?"

Siku zile jibu moja lingeweza kumwua mtu. Nikasema ukweli. "Iko Bukavu, Afande. Sijue kama angali muzima."

Alinionyesha mashine kwa kidevu. Nilitoboa tundu la gumba pana na lililonyooka, jasho likinidondokea kwenye mashine. Alirusha mara ya kwanza. Tufe likateleza mbele moja kwa moja, likaacha pini sita zimesimama. Nililichukua, nikalisugua kwa msasa mpaka mng'ao ukafifia, nikampa. Mara ya pili liliteleza, likafika pakavu, likakata kona. Pini zote zilianguka.

Alisukuma ile karatasi ya vipimo mbele yangu. "Andika jina la Papa yako."

Direkta aliangalia sakafu. Niliandika.

Siku nane sikula vizuri. Nilijiambia nimemuuza baba yangu kwa mkono wangu. Siku ya tisa Papa alivuka daraja la Ruzizi, pale mpakani, kwa miguu, na begi moja. Askari wa komanda walikuwa wamemchukua asubuhi nyumbani. Njia nzima alijua anaenda kuuawa. Kwenye kizuizi wakamwambia, "Enda kwa binti yako."

Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu alisema, "Ungeniuliza kwanza kama ninapenda kutoka. Maman yako amezikwa kule."

Aliishi nami nyumbani kwangu Gihundwe miaka sita, na huko Bukavu hakurudi tena. Asubuhi alikuwa akikagua misasa yangu na kunikosoa, na mimi nilimwacha anikosoe.

Sasa nimestaafu, na ukumbi ule ni stoo ya saruji. Wajukuu huniuliza kama ningeandika lile jina tena. Nawaambia ningeandika. Papa ndiye hakuwahi kuniambia kama nilifanya vizuri, na mimi sikuthubutu kumwuliza.